Sura ya 4: Mbio za Sakafuni

Mwishoni mwa Aprili, mvua za mwisho zikiwa zimeshalilowanisha bonde la Usangu hadi ndani, njia za mashambani kuzunguka Ubaruku, wilayani Mbarali, huwadanganya wageni. Juu zinaonekana zimekauka na kupasuka vipande vipande. Chini ya ganda hilo kuna udongo mweusi wa mbuga, laini, wenye kunata kama ugali usioiva. Fuso iliyobeba magunia zaidi ya mia moja ya mpunga ililivunja ganda hilo mbele ya macho yangu. Tairi za nyuma zilizunguka mara ya kwanza, zikarusha tope. Mara ya pili zikachimba. Mara ya tatu difu ikalala juu ya udongo, na gari likatulia kama nyumba.

Baada ya saa nzima alikuja mzee mmoja na trekta lake, Massey Ferguson kuukuu ambalo wekundu wake ulikuwa umepaushwa na jua. Dereva wa Fuso alimwamkia kwa heshima, kisha akalitazama lile trekta kwa mashaka.

"Mzee wangu, hili litaweza kweli? Mimi hapa nina farasi zaidi ya mia mbili na wamenishinda."

"Hao farasi wako wamesimama wapi, mwanangu?"

Kijana hakuwa na jibu. Mzee alivua kandambili, akakunja suruali, akaanza kutembea peku kandokando ya njia, akiukanyagakanyaga udongo kwa kisigino, hatua kwa hatua. Dereva na utingo wake walimsubiri. Nami nilisubiri, bila kujua kwamba jibu la swali lililonileta Mbarali lilikuwa chini ya nyayo zake.

Swali lenyewe ni la vijiweni na gereji zote za nchi hii: lori na trekta, lipi lina nguvu ya kuvuta kuliko lenzake? Wengi hulijibu kwa kutaja farasi. Sura hii inaeleza kwa nini hesabu ya farasi peke yake haitoshi, na kwa nini mkulima anayenunua trekta kwa kusoma namba iliyobandikwa kwenye boneti anaweza kupoteza akiba ya miaka mingi.

Farasi na mwendo

Kipimo cha nguvu za farasi tulikirithi kwa James Watt, fundi wa Skotilandi wa karne ya 18. Watt alikuwa akiuza injini za mvuke kwa watu waliozoea kuendesha mitambo kwa wanyama, na ilimbidi awaeleze injini moja ingeshika nafasi ya farasi wangapi. Kwa hesabu ya mita na kilo, farasi mmoja ni uwezo wa kuinua kilo 75 kwa kimo cha mita 1 kila sekunde.

Ndani ya kipimo hicho mna mambo mawili, uzito na mwendo, na yote mawili hulipwa kutoka mfuko mmoja. Farasi yuleyule anaweza kuinua kilo 150, lakini kwa nusu mita kila sekunde. Anaweza pia kwenda mita 5 kwa sekunde, lakini na kilo 15 tu. Mtu aliyeingia sokoni na shilingi elfu kumi ananunua maharage machache au mahindi mengi. Kujaza vikapu vyote viwili kwa pesa hiyo hawezi.

Giaboksi ndiyo mahali pa kuchagua kikapu. Lori likikimbia kilomita 80 kwa saa, injini huzunguka chini ya mara nne kwa kila mzunguko mmoja wa tairi. Limenunua mwendo. Trekta likilima kwa kilomita 5 kwa saa, injini yake huzunguka zaidi ya mara mia moja ndipo gurudumu kubwa la nyuma likamilishe mzunguko mmoja. Limenunua mvuto. Ndiyo maana trekta la farasi 75, ambalo kwa injini ni dogo mbele ya lori lolote kubwa, linaweza kuzamisha jembe la sahani tatu ardhini na kulikokota mchana kutwa.

Lakini gia hazimalizi hadithi. Lori nalo lina gia nzito. Kichwa cha semitrela cha farasi 420, kikiwa gia ya kwanza, kinaweza kupeleka kwenye tairi zake msukumo unaozidi tani 10. Trekta la farasi 75 likienda kwa mwendo uleule halikaribii hapo. Ingekuwa ni injini na gia pekee, lori lingeshinda kila shindano, na ile Fuso ya Ubaruku isingemhitaji mtu.

Lori na lami yake

Nenda kaketi kando ya barabara ya Kitonga, kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula, uyaone malori yanayotoka Dar es Salaam kuelekea Mbeya, Zambia na Kongo. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu lori na mzigo wake kufikia tani 56. Huko chini kwenye tambarare, tani zote hizo zinahitaji msukumo wa kilo 400 hivi tu ili ziendelee kutembea, maana tairi gumu juu ya lami ngumu halizami wala haliminyiki sana. Wanaume wenye misuli hufunga kamba kifuani na kuvuta lori mbele ya watazamaji, nalo likatembea. Wana nguvu kweli, lakini lami imewasaidia.

Mlimani hesabu hubadilika. Tuchukue mwinamo wa mita 8 za kupanda katika kila mita 100. Sasa sehemu ya uzito inalirudisha lori nyuma, na msukumo unaohitajika unafika karibu tani 5. Farasi 420, wakishakatwa kile kinachopotelea kwenye gia na difu, wanaweza kuusukuma mzigo huo kwa kilomita 20 hivi kwa saa. Ndiyo sababu malori hupanda Kitonga yakinguruma kwa mwendo wa mtu anayekimbia. Yametoa mwendo, yamepewa mvuto.

Na yanashika. Ekseli mbili za kusukuma zinaruhusiwa kubeba tani 18, na tairi kwenye lami kavu linaweza kusukuma kwa zaidi ya nusu ya uzito ulioliegemea kabla ya kuteleza. Hapo lori lina akiba ya mshiko wa tani 9 na zaidi kwa kazi ya tani 5. Injini, gia, uzito na ardhi vyote vinakubaliana.

Ondoa lami, uone makubaliano yanavyovunjika. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao haramu, Zambia ilikatiwa njia yake ya mafuta. Mafuta yakapakiwa kwenye mapipa Dar es Salaam na kusafirishwa kwa malori juu ya barabara ya udongo hadi ng'ambo ya Tunduma. Mvua zilipokuja, barabara hiyo ilipewa jina la Njia ya Jehanamu. Injini zilikuwa zilezile masika na kiangazi. Kilichobadilika ni kilichokuwa chini ya tairi. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968, lami ikafuata, kisha reli ya TAZARA, na Jehanamu ikawa simulizi.

Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Lori ni mkimbiaji wa sakafuni. Lami ni kiungo chake kama ilivyo giaboksi, na mahali lami inapoishia, nusu ya lori imeishia hapo.

Kilo saba na kilo moja

Fundi wa tairi yeyote atakwambia Fuso iliyobeba mzigo hujazwa upepo wa PSI 100 hivi. Tairi la nyuma la trekta likiwa shambani hujazwa PSI 15 hivi. Tofauti hiyo ya namba kwenye kipimo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote kati ya mashine hizi mbili.

Upepo ulio ndani ya tairi ndio, kwa makadirio ya karibu, mgandamizo ambao tairi linaupeleka ardhini. PSI 100 ni kama kilo 7 juu ya kila sentimita moja ya mraba. PSI 15 ni kama kilo 1. Udongo wa mbuga ulioloa hauwezi kubeba kilo 7, kwa hiyo tairi la lori huzama mpaka likutane na kitu kigumu, na likishazama linapanda mlima wake lenyewe kila linapotaka kusogea. Tairi la trekta ni pana na refu, lina meno marefu yaliyopangwa kama mbavu za samaki. Hulala juu ya udongo na kuuma safu ya juu, ambayo mara nyingi bado ina nguvu.

Uzito nao una pande mbili. Ukiwa juu ya tairi linalosukuma, unaongeza mshiko. Ukiwa juu ya tairi linaloburuzwa tu, ni mzigo. Kwa hiyo wakulima wanaojua kazi yao hujaza maji kwenye matairi ya nyuma ya trekta, zaidi ya lita 200 kila moja, au hufunga vyuma vya uzito kwenye ringi. Mtu asiyejua akiwaona hudhani wamekosea.

Busara ya Harry Ferguson

Matrekta ya mwanzo yalikokota jembe kama ng'ombe anavyokokota gogo, kwa mnyororo au ndoano. Ili yapate mshiko, yalitengenezwa mazito mno, na uzito huo ukaushindilia udongo uleule uliokusudiwa kulainishwa. Tena yaliua. Jembe likikwama kwenye jiwe au kisiki huku magurudumu yakiwa yameshika, trekta zima lilijizungusha kwenye ekseli ya nyuma, pua ikapanda juu, likamwangukia dereva.

Harry Ferguson, fundi kutoka kaskazini mwa Ireland, aliliangalia tatizo hilo kwa jicho jingine. Aliliunganisha jembe na trekta kwa mikono mitatu: miwili chini, mmoja juu, ikiongozwa na haidroliki. Udongo unapolivuta jembe nyuma, mikono hiyo huigeuza sehemu ya mvuto huo kuwa uzito unaoyakandamiza magurudumu ya nyuma. Kazi ikizidi ugumu, mshiko nao unazidi. Trekta halikuhitaji tena kuwa zito muda wote. Lilikopa uzito kutoka kwa jembe lenyewe pale ulipohitajika, na pua ikabaki chini.

Trekta lake la TE20 lilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, zaidi ya matrekta nusu milioni. Farasi wake hawakufika 30. Hata hivyo, Edmund Hillary aliyachukua matrekta ya aina hiyo, akayafunga minyororo kuzunguka magurudumu, na tarehe 4 Januari 1958 akafika nayo Ncha ya Kusini ya dunia, akiwa wa kwanza kufika huko kwa magari kupitia nchi kavu. Barafu, kama udongo, haikumuuliza ana farasi wangapi. Na ile mikono mitatu iko nyuma ya karibu kila trekta unaloliona leo kutoka Kiteto hadi Kitale.

Namba ya boneti na namba ya ndoano

Katika jimbo la Nebraska, Marekani, mkulima Wilmot Crozier alinunua trekta ambalo halikufanya yale muuzaji aliyoyaahidi. Crozier alikuwa pia mbunge wa jimbo. Mwaka 1919 ikapita sheria kwamba trekta lisiuzwe humo mpaka mfano wake upimwe na chuo kikuu cha jimbo. Vipimo vilianza 1920 mjini Lincoln, na hadi leo matrekta hukokota gari la vipimo juu ya njia ya zege huku mashine zikisoma mvuto uliopo kwenye ndoano ya nyuma.

Vipimo hivyo vilifundisha somo ambalo mnunuzi wa kwetu anastahili kulijua kabla hajafungua mkoba. Farasi wa injini si farasi wa ndoano. Hata juu ya zege, wengine hupotea njiani. Kwenye udongo laini uliokwishalimwa, trekta la magurudumu mawili ya kusukuma linaweza kubakiwa na karibu nusu tu ya farasi walioandikwa kwenye boneti.

Mkulima anaweza kupima mshiko wa trekta lake kwa kipande cha chaki. Chora alama kwenye tairi la nyuma. Jembe likiwa juu, endesha shambani mpaka tairi lizunguke mara 10, uweke kijiti mwanzo na mwisho. Rudi mwanzo, shusha jembe, lima umbali uleule ukihesabu. Tairi likizunguka mara 11 au 11 na nusu, uko vizuri. Likifika 13, karibu robo ya mafuta na mpira wako inaishia kukwangua ardhi: ongeza uzito nyuma, au punguza sahani. Likibaki 10 na kidogo sana, umebeba uzito wa bure na unaulipia dizeli. Nusu saa ya kazi hiyo ina faida kuliko ahadi nyingi za dukani.

Kongwa

Kuna mahali katika nchi yetu ambapo ardhi iliwajibu watu wenye mashine nyingi na maarifa machache. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya Uingereza ilikusudia kulima karanga Tanganyika katika ekari zaidi ya milioni 3, ili kumaliza uhaba wa mafuta ya kula kwao. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Matingatinga yaliyobaki ya vita yalinunuliwa Ufilipino, na vifaru vya Sherman vikageuzwa na kiwanda cha Vickers kuwa mashine za kukokota. Matingatinga yalifungwa mawili mawili kwa minyororo ya nanga za meli ili yaangushe msitu kwa pamoja.

Nguvu haikukosekana. Kilichokosekana ni kuisikiliza ardhi. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi na chembe ngumu za mchanga. Kiangazi hukauka kama tofali, na chembe hizo huzila sahani za majembe kama tupa. Mizizi ya vichaka ilishikana chini, mibuyu ikagoma, mvua zikawa haba. Mashine chakavu ziliharibika kwa wingi, mafundi na vipuri havikutosha. Mradi ulifutwa Januari 1951, ukiwa umemeza zaidi ya pauni milioni 35. Wazee wa Wagogo waliokuwa wakiishi hapo walijua ni mwezi gani udongo wao unakubali jembe. Naamini mazungumzo na wao yangekuwa na thamani kuliko shehena nzima ya vifaru.

Kuvuta na kusimamisha

Kabla ya kurudi Ubaruku, kuna mambo mawili yanayoua watu, na siwezi kuyapita.

La kwanza ni mahali pa kufunga. Mnyororo au waya wa kuvutia ufungwe kwenye ndoano ya chini ya trekta, chini ya kimo cha ekseli. Ukifungwa juu, kwenye ekseli yenyewe au mkono wa tatu, na kinachovutwa kikigoma, trekta hujipindua nyuma kabla dereva hajapata nafasi ya kukanyaga kilachi. Na watu wote wakae mbali na waya, maana waya ukikatika hurudi kama upanga.

La pili ni breki. Lori lina breki za upepo kwenye kila ekseli, mpaka za tela. Trekta la kawaida lina breki za magurudumu ya nyuma tu, na matela mengi ya kukokotea miwa, mpunga na mchanga hayana breki kabisa. Trekta linaweza kuvuta tani 10 kwenye tambarare bila shida, lakini kwenye mteremko tani hizo ndizo zinazolisukuma. Atakayeweza kuupandisha mzigo ajiulize kwanza kama ataweza kuushusha.

Hesabu ya Ubaruku

Sasa tuipige hesabu ya siku ile. Fuso na mzigo wake ilikuwa kama tani 16. Tairi zikiwa zimezama, tope lilitaka msukumo wa tani 2.4 hivi ili gari lisogee. Ekseli ya nyuma ilibeba kama tani 10, na tope lile halikuruhusu mshiko wa zaidi ya sehemu moja ya tano: tani 2. Farasi zaidi ya mia mbili, na walipungukiwa kwa kilo 400. Kila kijana alipoongeza mafuta, tairi zilizunguka bure, zikachimba, na pengo likakua.

Trekta la mzee, kwenye ardhi inayoshika, lingeweza kuvuta tani moja na nusu. Peke yake lisingeitoa Fuso. Lakini pengo halikuwa tani 2.4. Lilikuwa kilo 400.

Ndiyo maana alitembea peku. Alikuwa akitafuta mahali pa trekta pa kusimama, na alipapata hatua kama 20 mbele, kwenye kichuguu cha zamani kilichosawazishwa na kuota nyasi, ambapo udongo ulikuwa mkavu na mgumu. Alirefusha waya mpaka ukafika. Akawaambia vijana wachimbe mteremko mfupi mbele ya kila tairi na kutandika mabua ya mpunga. Kisha akamwita dereva.

"Usikanyage mafuta kwa hasira. Gia ya pili, polepole. Nikinyanyua mkono, twende pamoja. Ukitangulia wewe utachimba, nikitangulia mimi nitateleza."

Alinyanyua mkono. Waya ulinyooka, ukatetemeka. Tairi za Fuso zilizunguka robo, zikayauma mabua, na tani 16 zikatoka kwenye tope kwa mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni.

Baadaye, wakati utingo akiukunja waya, nilimuuliza mzee trekta lake lina farasi wangapi. Alisema hakumbuki, karatasi yake ilishababuka zamani. Kisha akarudi pale kwenye kichuguu, akazirudishia nyasi alama za magurudumu kwa mguu wake, kwa sababu, alisema, mvua bado ipo na kesho atakwama mwingine.